Ukurasa Wenye Sura ya Baba Yako

Kasulu mjini, Jumamosi, baada ya alasiri

Kwako mwanangu Rehema,

Assalaam alaikum. Hujambo, mama? Kifua kimepungua? Najua ni ajabu kukuuliza hali kwa kalamu wakati asubuhi nimekupa uji kwa mkono wangu na nimekusikia ukikohoa. Lakini barua hii utaisoma ukiwa Dodoma, na huko sitakusikia, kwa hiyo nakuuliza hali ya huko. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Baba yako yuko barazani anachambua maharage, mimi niko kwenye cherehani, na wewe umekwenda Titye kumuaga bibi yako. Nimepata nafasi.

Habari za nguo, chakula na watu wa kuwaepuka kwenye basi sitaandika. Hayo tumeyasema mpaka umekasirika, na mengine utayasahau hata ningeyashonea kwenye begi. Ninachotaka kukuambia ni jambo lililonishinda kulisema kwa mdomo tangu ulipopata kazi, kwa sababu nyumba ilikuwa na furaha na sikutaka niwe mtu wa kuiharibu.

Mimi kazi yako naitilia shaka. Wewe sikutilii, ni hiyo kazi. Na kidogo wewe pia, unisamehe. Nitaeleza.

Unakumbuka siku ya Kibondo, chama cha wafanyabiashara wa nafaka kilipozindua ukurasa wake wa mtandao. Zamani mwenye mzigo Mabamba au Kitahana alimpigia simu katibu wa chama, akasema niwekee nafasi kwenye lori la Alhamisi, ikawa imekwisha. Siku ile tukaambiwa habari ya kumpigia katibu imekoma, kila mwanachama ataweka nafasi mwenyewe kwenye simu yake. Wewe ulikuwa bado uko mafunzoni kwenye kampuni iliyoutengeneza huo ukurasa, hao hao wanaokuajiri sasa. Ulikaa mbele na fulana yao. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, sikutazama ukutani walikokuwa wakionyesha mambo yao.

Baba yako hakuwa na ukuta wa kutazama. Tangu presha ya macho immalize, anatumia masikio na ile simu inayomsomea kila anachogusa kwenye kioo. Meneja wenu akawa anasema, bonyeza hapa, halafu hapa, halafu pale pa kijani, na watu wanaitikia eeh. Baba yako akanyoosha mkono.

"Kijana wangu, hapa ni wapi?"

Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, kwa adabu. Akasema, "Mzee wangu, wenye changamoto ya kuona tumewafikiria sana. Hilo tumeliweka awamu ya pili."

"Na hiyo awamu ya pili, mtaniletea ukurasa au mtanirudishia macho?"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hata wewe nilikuona umejifunika mdomo. Basi wakamwita mbele, wakamvalisha fulana juu ya kanzu, wakampiga picha akishikana mkono na meneja. Unamjua baba yako, anapenda watu, alirudi nyumbani mwenye furaha. Picha ile ndiyo mliyoiweka juu kabisa kwenye ukurasa. Kila anayeufungua, kuanzia hapa mpaka Mabamba, anapokelewa na baba yako anatabasamu.

Siku alipoufungua mwenyewe, simu ikasema, "Picha." Akagusa tena. "Picha." Akaniita kutoka jikoni.

"Mama Rehema, hapa juu pana picha ya nini?"

"Ni wewe."

"Mimi gani?"

"Wewe, na ile fulana juu ya kanzu."

"Basi wamenikalisha mlangoni," akasema. Akasogeza kidole. Simu ikasema, "Kitufe." Akasogeza tena. "Kitufe." "Kitufe." Nikaja kutazama hivyo vibatani. Kimoja kina alama ya lori, kingine alama ya tiki, kingine alama ya pipa la taka. Maneno hakuna. Mwenye macho atakisia. Simu yenyewe haikuambiwa kitu, ingemwambia nini?

Mimi nikamwambia, "Usihangaike, mimi nipo, nitakuwa nakubonyezea." Nilisema kwa mapenzi. Lakini nimelifikiria neno hilo sana, Rehema, na siku hizi sina uhakika nalo. Nadhani hata ninyi mliotengeneza mlilisema, kila mmoja moyoni mwake, mkiwa kwenye meza zenu: atakuwepo mtu wa kumsaidia. Ukishasema hivyo umemaliza. Hujiulizi tena huyo mtu ni nani, na siku asipokuwepo itakuwaje.

Siku moja sikuwepo. Bibi yako alikuwa anaumwa, nilikuwa Titye. Baba yako ana magunia yake ya maharage Mabamba, lori linakuja. Akampigia katibu, katibu akamwambia, "Mzee Hamisi, siku hizi ni kwenye ukurasa." Akatoka akaenda kwa Shabani, jirani yetu wa duka la tatu, ambaye naye ni mtu wa maharage na ambaye wamesali bega kwa bega tangu wewe hujazaliwa. Akampa simu. Shabani akabonyezabonyeza, akamrudishia. "Tayari, sheikh."

Lori likafika Mabamba, likapakia mizigo ya watu, ya Shabani ikiwemo. Ya baba yako ikabaki nje ya ghala kwa sababu haikuwekewa nafasi. Mvua ikanyesha. Maharage yakaota ndani ya magunia. Ulikuwa Dodoma, tulikuambia kwa kifupi tu.

Shabani alikuja mwenyewe, alikuwa hana raha. "Nilibonyeza, wallahi. Pengine mtandao ulikatika."

Baba yako akamuuliza, "Ulikatika upande wangu tu?"

Shabani akaondoka bila kunywa chai. Tangu siku ile msikitini baba yako anasimama safu ya nyuma, upande wa dirisha. Watu wanadhani ni joto.

Mimi nimemshuku Shabani mpaka nimechoka. Naamka nikiwa nimemhukumu, mchana namwona anasukuma baiskeli ya mtoto wa watu iliyokwama kwenye tope, nahisi nimemwonea. Sijui. Hatutajua, na hilo ndilo linaloniuma. Unajua kukaa na mtu anayesomewa kila kitu kunakuwaje? Hata mimi mkewe ananisikiliza mara mbili. Nikisoma ujumbe haraka, ananiuliza mbona haraka. Nikisoma polepole, ananiuliza kuna nini. Si tabia yake, unamjua. Amelazimika kuwa hivyo.

Ndipo likizo ile ulipokuja, unasugua vyombo pale nyuma, nikakuuliza. Wewe labda uliona ni mazungumzo tu. Mimi nilikuwa nimeyabeba siku nyingi.

"Rehema, kukipa kitufe jina, simu iweze kulisoma, ni kazi kubwa?"

"Hapana, mama. Ni mstari mmoja."

"Mstari kama huu wa daftari?"

"Mfupi kuliko huo."

"Sasa kwa nini hamkuandika?"

Ukaendelea kusugua sufuria, na ilishatakata. "Hakuna aliyetuambia tuandike."

"Chuoni je?"

"Walitaja siku moja. Haikuja kwenye mtihani."

"Na wale wa chama waliowalipa?"

"Wao walitaka kijani cha chama kionekane vizuri. Walikibadilisha mara nyingi sana, mama, mpaka meneja akataka kulia."

"Hakuna mtu aliyelalamika?"

"Hakuna. Kwenye mfumo halijaingia lalamiko hata moja."

"Na mtu akitaka kulalamika anapita wapi?"

Ukainamisha sufuria, ukamwaga maji. Halafu ukasema, "Humo humo. Chini kabisa. Kuna kitufe."

Tulicheka sote wawili, lakini mimi sikucheka mpaka mwisho.

Jambo kubwa lisipofanyika, nasema labda walishindwa, labda muda, labda vifaa. Lakini la mstari mmoja? Hapo mimi namtafuta mtu asiyetaka lifanyike. Na nimemtafuta kweli. Nikamfikiria meneja. Lakini yule kijana alimshika baba yako mkono kutoka ukumbini mpaka kwenye gari, tena bila mtu kumwona. Nikamfikiria katibu, nikawafikiria wenzako wa mafunzoni, wale waliokula pilau hapa wakaosha na sahani. Sikumpata mtu mbaya hata mmoja. Afadhali ningempata, ningelala. Kilichokuwemo chumbani mwenu ni watu wazuri wenye macho mazima, wanaangalia kazi yao kwa macho hayo hayo, na kila mmoja anaamini kuwa kama kungekuwa na tatizo mwenzake angesema. Mlipomaliza mkaijaribu wenyewe. Ikafanya kazi. Ingeachaje kufanya, mkiwa ndio nyie mlioitengenezea njia?

Usidhani nakucheka. Nilishayafanya mimi, kwa mkasi. Mwaka ule niliposhona sare za harusi ya mtaa wa pili, ulikuwa shule ya msingi, nilipima kila aliyefika dukani. Zuhura, yule mwenye mguu mmoja mfupi, hakufika. Alimtuma mdogo wake aniambie yeye ni kama mimi tu, nikate. Nikakata. Sikujiuliza kwa nini hakuja. Ngazi ya duka letu unaijua ilivyo juu, baba yako aliijenga vile kwa sababu ya maji ya mvua, hakumwazia mtu vibaya. Siku ya harusi gauni lilimvuta Zuhura upande mmoja, akajifunga kanga juu yake tangu asubuhi mpaka watu wanatawanyika. Nikamfuata nikamuuliza, limekukaa? Akasema, "Limekaa, mama, ahsante." Nikaondoka nimeridhika. Hakurudi kushona tena kwangu. Nikaja kuelewa baadaye sana kuwa kule kutorudi ndiko kulikuwa kulalamika kwake.

Na ngazi ile bado ipo. Kila tukikaribia kupaka rangi duka nasema safari hii tutaweka mteremko pembeni, halafu rangi inapakwa, mteremko hauwekwi. Kwa hiyo yule meneja wenu aliposema awamu ya pili, nilimwelewa vizuri mno. Ndiyo maana namshuku. Najua ninavyolitumia neno hilo mimi mwenyewe.

Wala usifikiri ni habari ya vipofu tu. Macho yangu ni ya umri huu. Yale maandishi yenu ya rangi ya majivu juu ya nyeupe, hapa barazani mchana siyaoni, nalazimika kuingia ndani nijifunike kanga kichwani kama mtu anayejifukiza. Nani aliwaambia watu wa nafaka wanafanya kazi gizani? Nadhani ofisini kwenu kuna pazia.

Meneja alikusifu kwangu siku ile. "Mama, Rehema huyu anamaliza kabla ya muda." Nilirudi na sifa hiyo nikaieneza mpaka sokoni. Siku hizi nikiikumbuka naigeuza na kuikagua ndani, kama nguo niliyoshonewa na mtu mwingine. Anamaliza kabla ya muda. Anamalizaje? Ameacha nini nyuma ili amalize? Sisemi umeacha. Nasema watakusifu hivyo tena, mara nyingi, maana uko mwepesi tangu utotoni, na hakuna atakayekusifu kwa jina uliloandika kwenye kitufe, kwa sababu anayeona hatalisikia na anayelisikia hayupo ofisini. Nahofia mtu akisifiwa upande mmoja tu huota upande huo huo.

Sikuombi ugombane na mtu. Utakuwa mgeni, mdogo, tena msichana, najua watakavyokutazama. Ila wakisema awamu ya pili, uliza kwa upole ni lini na ataifanya nani, halafu unyamaze. Usiwasaidie kujibu. Na kabla hujasema umemaliza, funga macho, washa ile sauti ya simu, ujaribu kuweka magunia yako kwenye lori. Ukishindwa, hujamaliza. Mungu akupe wepesi katika hilo, kila swala nakuombea, na sikuombei uwe mkubwa pale. Naomba usizoee.

Kuna moja nililitaka liwe la mwisho. Siku ulipopata barua ya kazi uliipiga picha ukatutumia. Kwangu, na kwa baba yako. Mimi nilikuwa gulioni, simu nimeiacha dukani inachaji. Yeye alikuwa nyumbani. Simu ikalia, akafungua, ikamwambia, "Rehema. Picha." Akaigusa kila upande. Picha. Zamani angevuka kwenda kwa Shabani. Hakwenda. Alikaa na simu mkononi, hajui kama mwanawe amepata ajali au amepata harusi. Nilipoingia alinipa simu bila salamu. Nikasoma: umeajiriwa. Akasema, "Soma tena, usiongeze kitu." Nikasoma tena. Ndipo akalia. Wewe ulipopiga simu jioni ulisikia vigelegele tu, sikutaka ujue. Sasa nataka ujue. Hakuna meneja aliyekuwepo pale, wala chama, wala rangi ya kijani. Ulikuwa wewe unayempenda, umefurahi, una haraka.

Nilikuwa nimefika hapo, baba yako akaita kutoka barazani. "Cherehani imenyamaza. Unamwandikia mtoto nini?"

"Barua."

"Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika kwa Shabani nikapita pembeni, nikaingia moja kwa moja kwenye sufuria na mstari mmoja.

"Umeruka," akasema.

"Nimeruka nini?"

"Kalamu imekwaruza muda mrefu, na wewe umesoma mfupi. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma yote, na safu ya nyuma, na dirisha, na kwamba watu wanadhani ni joto. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilingoja anikaripie kwa kumwanika kwa mtoto wake.

Akaniuliza, "Vile vibatani, umeandika havina maneno kabisa? Hata kwa mwenye macho?"

"Havina. Ni alama tu. Lori, tiki, pipa la taka."

Akachukua punje moja ya maharage, akaigeuza kwenye vidole, akaitupa kwenye mbovu. "Shabani hata nafasi yake mwenyewe anawekewa na binti yake," akasema. "Labda aliona tiki akadhani imekwisha. Labda alibonyeza lori akaona inatosha. Mimi nilimuuliza mtandao. Sikumuuliza alibonyeza kipi."

"Utamuuliza?"

"Sijui. Bado namshuku." Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Lakini kule dirishani ni baridi alfajiri."

Nikachukua kalamu nikayaandika hayo pia.

Nasikia bodaboda inasimama, nadhani ni wewe umerudi, kwa hiyo nafunga. Barua nitaiweka chini ya nguo zako, usiitafute kabla ya Dodoma. Ukifika na ukishapumzika tujibu mapema, hali yako na ya kifua, na siku yako ya kwanza kazini ilivyokuwa. Andika kwa maneno, mama, usipige picha ya karatasi. Na utume kwenye simu ya baba yako peke yake. Mimi nitakaa barazani nisubiri anisomee.

Ni mimi mama yako,
Asha